Rais anaweza kumsamehe nani, na mkono wake unaishia wapi? Tuisome Ibara ya 45 pamoja

Mkwaju wa Kilosa (mleta uzi)

Wanajukwaa, habari za jioni.

Hapa Tanzania, kila inapokaribia 9 Desemba, Siku ya Uhuru, au 26 Aprili, Siku ya Muungano, swali huwa ni lile lile: safari hii Rais atamtoa nani? Na kila mara naona watu wazima wakiandika mambo ambayo Katiba haijasema. Mmoja anasema Rais anaweza kumtoa yeyote aliye ndani. Mwingine anasema Rais hana ruhusa ya kugusa hukumu ya mahakama. Wote wawili wamekosea, na wanaoumia ni familia zenye ndugu gerezani, maana hukaa redioni zikisubiri jina ambalo haliwezi kutajwa.

Twende kwenye maandishi. Ibara ya 45 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 inampa Rais mambo manne. Anaweza kumsamehe mtu aliyepatikana na hatia mbele ya mahakama, kwa masharti au bila masharti. Anaweza kumwachilia mtu, moja kwa moja au kwa muda, asitumikie adhabu aliyopewa. Anaweza kuibadilisha adhabu iwe nyepesi zaidi, kwa mfano kunyongwa kuwe kifungo cha maisha. Na anaweza kufuta adhabu yote au sehemu yake, pamoja na adhabu ya kutaifishwa mali ambayo ingechukuliwa na Serikali.

Mpaka wa kwanza uko kwenye maneno "aliyepatikana na hatia". Ambaye kesi yake bado inaendelea hajapatikana na hatia, na Rais hana cha kumsamehe. Mahabusu wote, hata aliyekaa miaka mingi akisubiri upelelezi ukamilike, wako nje ya ibara hii.

Mpaka wa pili ni maneno "mbele ya mahakama". Mtumishi aliyefukuzwa kazi na kamati ya nidhamu au mwanachama aliyevuliwa uanachama na chama chake hawahusiki.

Mpaka wa tatu ni Muungano wenyewe. Ibara ya 45(3) inayafikisha mamlaka haya hadi Zanzibar kwa wale tu waliohukumiwa kwa sheria iliyotungwa na Bunge na inayotumika huko. Aliyehukumiwa kwa sheria ya Baraza la Wawakilishi ni wa Rais wa Zanzibar, ambaye ana mamlaka yake chini ya Katiba ya Zanzibar ya 1984. Ndiyo maana mnasikia misamaha ya Sikukuu ya Mapinduzi, 12 Januari, ikitoka Ikulu ya Zanzibar na si ya Dodoma.

Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo. Mimi naukubali msamaha. Nchi isiyo na mahali popote pa huruma baada ya mahakama kumaliza kazi ni nchi inayotisha, kwa sababu majaji ni binadamu na sheria zetu nyingine zina vifungo vya lazima ambavyo hakimu hana namna ya kuvipunguza. Ninachokipinga ni namna tunavyoutoa: aliyeumizwa hajulishwi na sababu hazitangazwi. Karibuni.

Jiwe la Msingi

Mkuu Mkwaju, nakubaliana na sehemu kubwa, ila umeiacha ile kesi ambayo kila Mtanzania anaikumbuka. 9 Desemba 2017, uwanja wa Jamhuri, Dodoma, Rais Magufuli alitangaza msamaha kwa wafungwa 8,157. Katika hao, 1,828 walitakiwa kutoka siku ile ile na waliobaki kupunguziwa. Kisha akawasamehe 61 waliokuwa wamehukumiwa kunyongwa. Halafu akamtaja mwanamuziki Nguza Viking, maarufu Babu Seya, na mwanawe Johnson Nguza, maarufu Papii Kocha.

Hawa walihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2004 kwa kubaka watoto wa shule ya msingi. Rufaa yao Mahakama Kuu ilishindwa. Mahakama ya Rufani mwaka 2010 iliwaachia wana wengine wawili wa Babu Seya waliohukumiwa pamoja nao, lakini yeye na Papii ikawabakiza. Wakaomba mapitio, yakakataliwa. Mahakama zote za nchi zilikuwa zimesema neno lao la mwisho.

Swali langu ni hili: kwenye yale matangazo ya kila mwaka tunaambiwa waliobaka, walionajisi na wenye kifungo cha maisha hawahusiki. Ilikuwaje hawa wakahusika?

Mkwaju wa Kilosa

Ndugu Jiwe, swali hili ndilo kiini.

Ile orodha ya wasiohusika haimo kwenye Katiba. Ni masharti ambayo Rais mwenyewe huyaweka kwenye tangazo la msamaha wa jumla: wa kunyongwa hawamo, wa maisha hawamo, dawa za kulevya, rushwa, unyang'anyi wa kutumia silaha, kubaka, kulawiti, kuwapa mimba wanafunzi, waliowahi kutoroka chini ya ulinzi. Aliyeyaweka ndiye anayeweza kuyaruka. Ibara ya 45 inasema "kosa lolote", na kosa lolote ni pamoja na hilo la watoto.

Kwa hiyo kisheria hakuvunja kitu. Lakini kulikuwa na familia za watoto waliosimama mahakamani wakaeleza mambo ambayo mtoto hapaswi hata kuyajua, na watoto wale mwaka 2017 walikuwa wameshakuwa watu wazima. Mashirika ya haki za watoto yalilalamika. Sababu ya kuwachagua hao wawili haikuelezwa kwa namna ambayo mwananchi angeweza kuipima.

Na kuna jambo linalosahaulika. Wakati wanatolewa, shauri lao lilikuwa bado Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Uamuzi ulitoka Machi 2018, wakiwa tayari uraiani, na mahakama ile ikaona kwamba haki yao ya kujitetea ilikiukwa katika baadhi ya mambo. Msamaha wa Rais ulifungua mlango wa gereza tu. Hausemi kama walitenda au hawakutenda, wala kama kesi iliendeshwa ipasavyo. Anayetaka jibu la hayo bado anarudi mahakamani.

Kidato cha Sita B

Shikamooni wakubwa. Nasoma uraia na nina swali. Kama mahakama iko huru kwa mujibu wa Ibara ya 107B, Rais akitengua hukumu si anaingilia mhimili mwingine?

Mkwaju wa Kilosa

Marahaba. Hatengui hukumu. Hukumu inabaki kwenye jalada, mtu bado ametiwa hatiani, na ukilitafuta shauri lake utalikuta jinsi lilivyoamuliwa. Rais hugusa kitakachomfuata mtu huyo baada ya hukumu, yaani adhabu. Mahakama ndiyo inayosema nani ana hatia, na Rais hawezi kutamka kwamba fulani hakutenda kosa.

Tazama sheria ilivyowaunganisha. Jaji akitoa hukumu ya kifo, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka apeleke kwa Rais nakala ya ushahidi pamoja na taarifa yake, rufaa zikishaisha au muda wake ukishapita. Rais ndiye anayeamua kama hukumu itekelezwe au ibadilishwe. Kwenye kifo, basi, Rais analazimika kushika kalamu, na akikaa kimya mtu anabaki kwenye chumba cha waliohukumiwa. Magufuli mwaka 2017, siku anamwapisha Jaji Mkuu, alisema wazi kwamba hatasaini. Hapa kwetu hakuna aliyenyongwa tangu katikati ya miaka ya 1990.

Wa Taveta

Hamjambo ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka. Niwaletee ya Kenya, kwa sababu sisi tulibadilisha kitu ambacho nyinyi bado hamjakigusa.

Zamani rais wetu alikuwa kama wenu. Katiba ya 2010, Ibara ya 133, ikasema msamaha unaanza na ombi, na mtu yeyote anaweza kuliwasilisha. Rais anaamua kwa kufuata ushauri wa Kamati ya Ushauri kuhusu Msamaha. Ndani ya kamati yuko Mwanasheria Mkuu, waziri anayehusika na magereza, na watu wengine wasiopungua watano ambao si maafisa wa serikali. Sheria yake ilipitishwa 2011. Na ibara yenyewe inaruhusu kamati kuzingatia maoni ya waathiriwa wa kosa.

Hiyo haimaanishi kwamba misamaha yetu ni ya watu wachache. Kibaki mwaka 2009, kabla ya Katiba hiyo, aliwabadilishia adhabu ya kifo kuwa ya maisha watu zaidi ya 4,000. Uhuru mwezi Oktoba 2016 akafanya vivyo hivyo kwa watu 2,747, wanawake 92 wakiwemo. Ruto naye 2023. Kenya haijanyonga mtu tangu 1987, waliponyongwa Ochuka na Okumu wa mapinduzi yaliyoshindwa ya 1982.

Ila kuna jambo moja tulilojifunza. Kubadilisha kifo kuwa maisha kwa maelfu mara moja hakumsaidii sana yule aliyehukumiwa kimakosa au ambaye hali ya kesi yake ilihitaji adhabu ndogo. Anatoka kwenye kamba, anaingia kwenye kifungo kisicho na mwisho. Waliowasaidia hao zaidi ni majaji wa Mahakama ya Juu, kwenye kesi ya Muruatetu, Desemba 2017, waliposema adhabu ya kifo ya lazima kwa mauaji inapingana na Katiba. Tangu hapo wengi waliweza kurudi mahakamani kusikilizwa upya kuhusu adhabu.

Mkwaju wa Kilosa

Bwana wa Taveta, ahsante sana. Wanajukwaa, linganisheni sasa. Sisi tunayo Sheria ya Masuala ya Rais, nayo inaitaja kamati ya kumshauri Rais kuhusu msamaha. Lakini isomeni pamoja na Ibara ya 37(1) ya Katiba yetu: Rais "atakuwa huru na hatalazimika kufuata ushauri atakaopewa na mtu yeyote", isipokuwa pale Katiba au sheria inapomtaka afuate. Kenya wameandika kwamba anaufuata. Sisi anausikiliza, na akitaka anauweka pembeni.

Ibara ya 45(2) inasema Bunge laweza kutunga sheria ya utaratibu wa Rais kutumia mamlaka haya. Mlango uko wazi. Mbunge yeyote anayesoma hapa anaweza kuanzia hapo bila kusubiri Katiba mpya.

Afande Mstaafu

Nimefanya kazi ya magereza hadi kustaafu. Niwaeleze msamaha unavyofika ndani, kwa sababu wengi mnadhani Rais anakaa na majina 5,000 mezani anayachambua.

Kwenye msamaha wa jumla, linaloshuka ni tangazo lenye makundi. Wagonjwa walio katika hatua za mwisho za UKIMWI, kifua kikuu au saratani, wakithibitishwa na jopo la waganga chini ya mganga mkuu wa mkoa au wilaya. Wazee wa miaka 70 na kuendelea. Wanawake walioingia na mimba au na watoto. Wenye ulemavu. Kisha linakuja punguzo la wote wasiozuiliwa, matangazo mengine robo, mengine moja ya sita.

Hapo kazi inahamia kwenye dawati la kumbukumbu, na hapo ndipo penye hesabu. Mfungwa tayari ana punguzo la kawaida la theluthi moja chini ya Sheria ya Magereza, kwa tabia njema. Punguzo la Rais linakuja juu ya hilo. Chukueni kifungo cha miaka 6, yaani miezi 72. Toa theluthi, inabaki 48. Tangazo likisema robo, unatoa 12, inabaki 36. Kama mtu ameshakaa miezi 36 au zaidi, anatoka. Kama amekaa 20, hatoki, ila tarehe yake ya kutoka inasogea karibu kwa mwaka mzima. Ndiyo maana mnasikia waliosamehewa ni maelfu na wanaotoka getini ni wachache. Mwaka 2021, msamaha wa kwanza wa Rais Samia, 26 Aprili, ulikuwa wa wafungwa 5,001. Waliotoka mara moja walikuwa 1,516.

Askari wa kumbukumbu hufungua jalada moja moja. Anaangalia kosa, hati ya kifungo, kama aliwahi kutoroka, kama alishapata msamaha mwingine na bado anautumikia. Kosa moja la kalamu na mtu anakaa mwaka asiostahili, au anatoka asiyepaswa. Nimekesha usiku wa kuamkia sikukuu tukipitia majalada kwa taa, maana umeme ulikatika, na asubuhi wafungwa wamechuchumaa wawili wawili uwanjani wakisubiri kusomewa. Kuna mzee hakulisikia jina lake mara ya kwanza. Mwenzake akamshika begani akamwambia, babu, ni wewe.

Mama Sauda

Afande, nimekusoma mpaka mwisho na sina ugomvi na wewe. Ila niseme la upande wetu.

Kaka yangu alikatwa panga mkono wa kulia kwa ugomvi wa mpaka wa shamba. Mkono haukupona, vidole viwili havikunjiki mpaka leo, naye alikuwa fundi cherehani. Aliyemkata alifungwa. Mahakama ikaamuru pia alipe fidia. Kabla kifungo hakijaisha, mke wa kaka akakutana naye sokoni, ananunua vitunguu. Hakuna aliyetuambia, si mwenyekiti wa mtaa wala mtu mwingine yeyote. Mke wa kaka aliacha kikapu pale pale akakimbia nyumbani. Tulipouliza, tukaambiwa ni msamaha.

Sisemi asingetoka. Ninauliza tu mambo mawili. Je, hakukuwa na mtu wa kutuambia? Na ile fidia, nayo ilisamehewa?

Mkwaju wa Kilosa

Mama Sauda, pole sana dada yangu, na umfikishie kaka salamu zetu.

La kwanza, Ibara ya 45 haimtaki mtu yeyote amjulishe aliyeumizwa. Haimtaji kabisa. Hilo ndilo lililonifanya nifungue uzi huu. Wa Taveta ameonyesha kwamba Kenya, angalau kwenye maandishi, aliyeumizwa ana mahali pake. Kwetu kesi ya jinai huandikwa Jamhuri dhidi ya fulani, na wewe unakuwa shahidi. Hukumu ikishatoka, jalada halina tena nafasi yako.

La pili ni muhimu ulishike. Katiba inamruhusu Rais kufuta adhabu, na kwenye mali inazungumzia kile ambacho kingechukuliwa na Serikali. Fidia aliyoamriwa kumlipa kaka yako haiendi Serikalini, ni ya kaka yako. Kwa jinsi ninavyoisoma ibara, msamaha wa kifungo haumwondolei deni hilo. Chukua nakala ya hukumu, nenda nayo mahakama iliyoitoa, uulizie utekelezaji wa amri ya fidia. Ukipata msaidizi wa kisheria karibu yako, nenda naye.

Bint Pemba

Assalaam alaykum. Naomba nirekebishe jambo linaloniudhi kila nikilisikia. Masheikh wa Uamsho, ile jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, walipotoka Juni 2021 watu waliandika "Rais amewasamehe". Hawakusamehewa. Walikuwa mahabusu tangu 2013 na 2014, kesi haijaisha, hakuna aliyewatia hatiani. Mkurugenzi wa Mashtaka ndiye aliyefuta mashtaka. Ukimwambia mtu amesamehewa unamwambia alikosa, na hakuna mahakama iliyosema walikosa.

Mkwaju wa Kilosa

Wa alaykum salaam. Umesema kweli, na la Mbowe, aliyekuwa mwenyekiti wa CHADEMA, ni hivyo hivyo. Machi 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka aliiondoa kesi mahakamani kabla haijafika kwenye hukumu. Ibara ya 45 haikuguswa.

Tofauti hii ina athari yake. Msamaha wa Rais ukishatolewa bila masharti, adhabu ile imekwisha. Mkurugenzi wa Mashtaka akiondoa kesi kabla ya hukumu, sheria haimzuii kuirudisha baadaye kwa kosa lile lile. Sote tumewaona watu wakiachiwa ndani ya chumba cha mahakama na kukamatwa tena mlangoni.

Nyuki wa Tabora

Na Rais akijisamehe mwenyewe je?

Jiwe la Msingi

Kwetu Ibara ya 46 inazuia Rais kushtakiwa kwa jinai akiwa madarakani, kwa hiyo hawezi kuhukumiwa, na asiyehukumiwa hana msamaha. Marekani ndiko swali hili ni la kweli, kwa sababu kule rais anaweza kumsamehe mtu hata kabla hajashtakiwa. Ford alimsamehe Nixon Septemba 1974 na hakukuwa na hukumu yoyote. Biden alimsamehe mwanawe Desemba 2024. Trump Januari 2025 akawaachia watu wapatao 1,500 wa ile vurugu ya bungeni. Kuhusu kujisamehe, wanasheria wa wizara yao ya sheria waliandika Agosti 1974 kwamba haiwezekani, mtu hawezi kuwa hakimu wa kesi yake, lakini mahakama haijawahi kuulizwa. Na rais wao hagusi kabisa makosa ya sheria za majimbo.

Mkwaju wa Kilosa

Sitaki tukae sana Marekani. Watu wetu wanaona habari zile wanadhani na huku ni vivyo hivyo.

Kuna mifano ya jirani inayotufaa zaidi, hasa kuhusu neno "masharti". Rwanda, Septemba 2018, Rais Kagame alimtoa mwanasiasa wa upinzani Victoire Ingabire pamoja na mwimbaji Kizito Mihigo. Ingabire alitoka akiwa na masharti, mojawapo kuripoti kwa waendesha mashtaka kila mwezi. Mwaka 2024 alipoomba mahakama imrudishie haki zake ili agombee, ilikataa. Alikuwa nje ya gereza, lakini hukumu bado ilimfuata. Ibara yetu nayo inaruhusu masharti, na haisemi ni ya namna gani wala nani anayakagua. Mwenye mamlaka anaweza kumtoa mpinzani huku ameshika kamba mkononi.

Uganda nako kuna funzo. Chris Rwakasisi, waziri wa zamani wa Obote, alikaa chini ya hukumu ya kifo tangu 1988 hadi Museveni alipomsamehe Januari 2009. Mwezi ule ule Mahakama ya Juu ya Uganda, kwenye kesi ya Susan Kigula na wenzake, ikaamua kwamba mfungwa akikaa miaka 3 baada ya mahakama ya mwisho kuthibitisha hukumu ya kifo bila kunyongwa na bila jibu la msamaha, adhabu yake inageuka kuwa kifungo cha maisha. Mahakama imeuwekea ukimya wa rais saa ya ukutani. Hilo nalitamani kwetu.

Afande Mstaafu

Hilo la ukimya ni zito kuliko mnavyodhani. Waliohukumiwa kunyongwa hawajui siku. Wakisikia funguo usiku usio wa kawaida, chumba kizima kinaamka.

Mzee wa Sekei

Niko Arusha. Nakumbuka miaka ya ile Mahakama ya Kimbari ya Rwanda. Wengi hawajui kwamba waliohukumiwa pale na kupelekwa kutumikia Mali au Benin, rais wa nchi waliyofungwa hakuwa na ruhusa ya kuwasamehe kwa uamuzi wake. Sheria ya mahakama ile, kifungu cha 27, ilitaka nchi iitaarifu mahakama, na Rais wa mahakama ndiye aamue baada ya kushauriana na majaji. Kuna makosa ambayo mataifa yalikubaliana kwamba huruma yake isiwe ya mtu mmoja.

Afrika Kusini wakaenda mbali kwa njia nyingine. Mandela mwaka 1994 aliwaachia akina mama wafungwa wenye watoto wa chini ya miaka 12. Baba mmoja mfungwa, mkewe amefariki na mtoto wake amebaki nje, akamshtaki: mbona mimi hapana? Mahakama ya Katiba mwaka 1997, kesi ya Hugo, ikamkatalia baba yule, lakini ikasema jambo kubwa: uamuzi wa rais kuhusu msamaha unaweza kupimwa mahakamani. Hata Mandela alipimwa.

Mama Pili wa Mbagala

Samahanini, mimi si mtu wa kuandika humu, dada wa jirani ndiye amenionyesha uzi. Mwanangu yuko mahabusu kwa kesi ya utakatishaji fedha. Hana dhamana. Kila tarehe wanaambiwa upelelezi haujakamilika. Nilikuwa nasubiri 9 Desemba. Nimesoma hapo juu kwamba haimhusu. Basi nifanye nini?

Mkwaju wa Kilosa

Mama, shikamoo. Naandika polepole ili nisikupe tumaini la uongo.

Ni kweli, msamaha wa sikukuu haumhusu kwa sababu hajahukumiwa. Usitumie nauli wala pesa kumpa mtu anayekuahidi kuliingiza jina lake kwenye orodha ya Ikulu. Hakuna orodha ya Ikulu ya mahabusu. Anayekwambia hivyo anakuibia.

Mwenye ufunguo wa kesi yake ni Mkurugenzi wa Mashtaka. Unaweza kumwandikia barua, wewe mwenyewe au kupitia wakili. Weka jina kamili la kijana, namba ya kesi, mahakama, tarehe aliyokamatwa, na ni mara ngapi kesi imeahirishwa kwa sababu ya upelelezi. Ambatanisha vyeti kama anaumwa. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Tangu 2019 kuna pia utaratibu wa makubaliano ya kukiri kosa kati ya mshtakiwa na upande wa mashtaka. Asiuingie kwa kuchoka. Akikiri anatiwa hatiani, na kama hakutenda amejiandikia hukumu mwenyewe. Hilo aliamue akiwa na wakili mbele yake, si kwa maneno ya askari wala ya mahabusu wenzake.

Mama Pili wa Mbagala

Marahaba mwanangu. Namba ya kesi ninayo kwenye karatasi ya mahakamani. Wakili hatuna.

Bint Pemba

Mama, niko Dar mpaka mwisho wa mwezi, na nafanya kazi na wasaidizi wa kisheria. Nitumie ujumbe wa faragha, usiweke namba ya simu hapa hadharani. Jumatatu tunaandika hiyo barua pamoja.